Niliandika "mgonjwa ametulia"

Wodini kwetu kuna neno tunalipenda sana wakati wa kukabidhiana zamu, nalo ni "ametulia". Wa kitanda namba 3, ametulia. Wa namba 7 alipiga kelele saa nane usiku, kachomwa sindano, ametulia. Mi mwenyewe nimeshaliandika hilo neno sijui mara ngapi, miaka 11 kwenye wodi ya afya ya akili si mchezo, na kuna faili moja nimeliandika siku tatu mfululizo, mwandiko mzuri kabisa, saini chini, na mwenye faili muda wote huo alikuwa anaelekea kufa mbele ya macho yangu.

Nimekaa nayo hii muda mrefu. Vitu vya kumtambulisha nimebadilisha, hospitali siitaji, ila yaliyotokea ndo hivi.

Kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa kuchomelea mageti, aliletwa kwa bajaji kafungwa kamba na kaka yake, mama yao anafuata nyuma kwa bodaboda. Anaongea bila kupumua, anasikia sauti zinamwambia mtaa mzima unamjadili, kavunja vioo vya jirani, wiki nzima hajalala. Hiyo tunaijua, saikosisi ya kawaida tu, akapangiwa dawa za kutuliza saikosisi, haloperido na usiku klopromazini, na kwa sababu alikuwa msumbufu kweli akaongezewa, na siku ya pili akaongezewa tena. Siku ya nne akanyamaza. Sote tukashusha pumzi. Nikaandika ametulia.

Sasa ngoja nikuambie alivyokuwa ametulia. Kalala chali, macho wazi anaangalia feni, hapepesi. Mdomo kaufumba, uji ukiwekwa kwa kijiko unakaa tu mle ndani halafu unachuruzika pembeni mpaka kwenye sikio. Na kichwa, hiki ndo kitu ambacho hadi leo najiuliza nilikipitaje, kichwa chake hakikuwa kimegusa mto. Kimeinuka kama vidole vinne hivi juu ya mto, shingo imekakamaa, na kikabaki hivyo hivyo kutwa nzima. We jaribu sasa hivi hapo ulipo, lala uinue kichwa hivyo dakika mbili tu uone shingo inavyowaka moto. Hiyo ni dalili imeandikwa vitabuni miaka na miaka, wanasema mgonjwa analalia mto usioonekana, na mi nilipita hapo na kapu langu la dawa nikafikiri anataka kuamka.

Kilichotuamsha ni mwanafunzi. Binti wa mwaka wa pili, alikuwa anapima presha usiku, akamaliza, akavua kile kitambaa, akageuka kuandika. Akarudi kuangalia, mkono wa kijana uko hewani pale pale alipouacha. Akausogeza juu zaidi, ukabaki juu. Akauzungusha kiganja kikaangalia dari, kikabaki hivyo. Akaniita, "Sista njoo uone huyu anavyofanya," na alikuwa anacheka kidogo, si kwa ubaya, ni ile kucheka ya mtu asiyeelewa. Na mi nikamjibu, Mungu anisamehe, "Achana naye anafanya makusudi, anataka tumbembeleze." Tukasimama pale pale juu ya kitanda chake tukaendelea na umbea wetu, nikimsimulia yule binti jinsi kijumbe wetu alivyokimbia na hela ya mchezo, na mi ndo nilikuwa zamu yangu kupokea mwezi ule.

Asubuhi daktari wetu wa akili alikuwa karudi kutoka semina. Yule binti akamwambia. Daktari hakusema kitu, akavuta stuli akakaa.

Nilishasoma katatonia chuoni, ile hali ya mtu kuganda mwili, hasemi wala hasogei na yuko macho, nilijibu hata swali lake kwenye mtihani. Kuisoma na kuiona ni vitu viwili tofauti. Alivyoipima sijawahi kusahau, na nakiandika hapa kirefu makusudi maana manesi na matabibu wengi wa wodi za kawaida wanaweza kufanya hivi bila kifaa chochote na kwa dakika kama tano tu. Kwanza alikaa anamwangalia tu huku anamsalimia na kumwongelesha kama kawaida. Halafu akajikuna kichwa kwa mbwembwe, kupita kiasi, ili aone kama mgonjwa atamwiga. Akashika mkono akaukunja na kuukunjua, mara polepole mara haraka, akisikiliza ukinzani wake, na akasema huu unakwenda kama mshumaa uliopata joto, unakataa kidogo halafu unakubali na unabaki ulipouacha. Akamwambia, "Usiniruhusu niinue mkono wako," kisha akaweka kidole kimoja tu chini ya kiganja, kidole kimoja bana, na mkono ukapanda wenyewe kama taa ya mezani ya kukunja. Akampa mkono wa kusalimiana huku anamwambia, "Usinipe mkono," na vidole vya kijana vikaanza kuja, vikarudi, vikaja, vikakwama katikati. Kuna kingine cha kuogofya, unamwambia mgonjwa toa ulimi nikuchome na pini, na wengine wanautoa kweli. Huyu hakutoa, mdomo haukufunguka kabisa.

Akauliza tangu lini hajala, nani ana rekodi ya maji aliyokunywa, mkojo kakojoa lini. Tukaangaliana.

Hiki kipimo kina jina, kinaitwa kwa majina ya waliokitengeneza, Bush na Francis, mwaka 1996, kina vipengele 23, na vile 14 vya mwanzo ndo vya kuchuja, mgonjwa akiwa na viwili tu basi simama uangalie vizuri. Mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, wa 2013, unataka dalili 3 kati ya 12. Kijana wetu ukihesabu alikuwa na saba.

Lakini daktari hakukimbilia kusema katatonia na kufunga faili, na hapa ndo nampa heshima yake. Mtu aliyeganda anaweza kuwa na malaria imepanda kichwani, anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo, virusi vya UKIMWI vimegusa ubongo, sukari imeshuka, kifafa cha kimya kimya ambacho mtu hatingishiki ila ubongo unaungua ndani. Halafu kuna dawa zetu wenyewe. Haloperido inaweza kumfanya mtu mgumu kama mzee mwenye ugonjwa wa kutetemeka, ila huyo mara nyingi anatetemeka kweli, mkono ukiukunja unakwenda kwa mikato mikato kama meno ya gia, na bado anakuangalia anakujibu anajaribu kushirikiana na wewe. Tena sisi siku moja kabla tulishampa benzeksoli, dawa ya kuondoa huo ugumu wa haloperido, tukidhani ni hiyo. Haikusaidia kitu. Akachukuliwa damu, malaria hamna, sukari iko chini kidogo, maji ya mgongo yakatolewa yakawa safi. Ila joto lilikuwa 37.9, mapigo 118, presha asubuhi iko juu mchana iko chini, jasho jembamba kwenye paji la uso.

Daktari akauliza dawa ya mwisho ya haloperido kapewa saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi, na mi ndo niliyemchoma. Akachukua kalamu akaikata kwenye chati, mistari miwili, akaandika kwa herufi kubwa ASIPEWE.

Nielezee kidogo hapo maana watu wengi hawajui, na si ndugu tu, hata sisi. Mtu mwenye saikosisi akiganda, akili ya haraka inakwambia ugonjwa umezidi, ongeza dawa ya ugonjwa. Na zile dawa zetu za zamani zenye nguvu zinazuia dopamini, kemikali ya ubongo, na mtu ambaye tayari yuko kwenye katatonia ukiendelea kumzuia dopamini unaweza kumsukuma kwenye hali ambayo joto linapanda, misuli inakakamaa inaanza kuvunjika, mabaki yake yanaziba figo, presha inacheza kama bembea, na mtu anaondoka. Wanaita sindromu mbaya ya dawa za saikosisi. Na katatonia yenyewe hata bila dawa yoyote inaweza kufika huko huko, kuna Mjerumani anaitwa Stauder aliandika mwaka 1934 kuhusu katatonia inayoua, na hizo dawa zetu zilikuwa bado hazijagunduliwa. Kwa hiyo joto likianza tu kwa mtu aliyeganda hiyo ni dharura ya usiku huo huo, usisubiri kesho.

Ndugu nao walikuwa na lao. Mama alikuwa ameshasema tangu mwanzo mwanawe kapandwa, kuna mzee wa kwao kasema ni jini la baharini limemkalia mdomo, na alikuja na kombe, yale maji ya maandishi ya dua, kwenye chupa ya maji ya Kilimanjaro. Mi nilitaka kumkatalia kwa ukali, ndo uzoefu wetu manesi tunapenda kufoka. Daktari akamwamkia, "Shikamoo mama," akamkalisha, akamwambia, "Mama, sheikh aje amsomee hapa hapa kitandani, hakuna shida hata kidogo, ila kombe asinyweshwe, kwa sababu hamezi, ikiingia mapafuni tutampoteza kwa nimonia." Mama akaelewa mara moja. Sheikh akaja alasiri akasoma kwa sauti ya chini, akaondoka, hakudai hata shilingi. Hakuna aliyegombana na mtu.

Sasa dawa. Vitabu vinasema lorazepamu, miligramu 1 hadi 2, mchome, kama ni kwenye mshipa rudi baada ya dakika 5 umpime upya, kama ni kwenye msuli dakika 15, kama ni kidonge nusu saa. Ukiona nusu ya dalili zimeondoka umepata jibu, hicho ni kipimo na tiba kwa pamoja. Lorazepamu ya sindano sisi hatukuwa nayo. Diazepamu tulikuwa nayo, na hospitali nyingi utaikuta kwa ajili ya degedege. Kwa hiyo ikawa diazepamu miligramu 10, kwenye mshipa, polepole sana, mtungi wa oksijeni na kile kipulizio cha mkono viko pembeni maana inaweza kukata pumzi. Tafadhali usimfanyie mtu nyumbani.

Mi nilijua atalala. Hiyo ndo sehemu inayoshangaza watu wote, unampa mtu aliyeganda dawa ya usingizi na badala ya kulala anaamka! Dakika ya nne hamna kitu. Dakika ya sita akapepesa macho, mara moja, kisha mara nyingi mfululizo kama mtu kaingiwa na vumbi. Kichwa kikashuka taratibu, kikagusa mto. Yule binti mwanafunzi akanishika mkono. Midomo ikawa inachezacheza imekauka ina magamba, daktari akainama akamwambia, "Tunakusikiliza baba, sema."

Akasema, "Mkojo."

Siku ngapi sijui. Tukaweka mpira, ikatoka lita moja na zaidi, tumbo lake la chini lilikuwa limevimba na hakuna hata mmoja wetu aliyeweka mkono pale kugusa. Kaka yake alikuwa mlangoni analia, mi nimeinama naangalia mfuko wa mkojo unavyojaa na sikutaka kuinua uso.

Ningependa niseme akapona hapo. Baada ya saa kama tatu alirudi kule kule, akaganda tena, na mama akapiga yowe maana aliona kama tumemrudishia kisha tumemnyang'anya. Ndivyo ilivyo, dozi ya kwanza inafungua mlango tu, lazima uendelee kuushikilia. Akapangiwa diazepamu kwa saa, mchana na usiku, na ikapandishwa kila siku, na kwenye lorazepamu huko kwenye nchi zenye nayo ya kutosha wanafika hadi miligramu 8, wengine 16 na hata 24 kwa siku, dozi ambazo mfamasia wako akiziona anakupigia simu kuuliza kama umekosea sifuri.

Na kazi kubwa sasa ikawa yetu manesi, kazi ambayo haina umaarufu wowote. Kumgeuza kila baada ya saa mbili. Sindano ya kuzuia damu kuganda miguuni, kwa sababu mtu aliyelala bila kutikisika siku nyingi damu inaganda kwenye shavu la mguu, kipande kinakatika kinakwenda mapafuni, na unamkuta kafa ghafla asubuhi na watu wanasema karogwa upya. Matone ya macho maana hapepesi na kioo cha jicho kinakauka. Mpira wa puani wa kulishia, na hapo tulianza kidogo kidogo mno, mtu hajala wiki ukimjaza ghafla chumvichumvi za damu zinaanguka na moyo unaweza kusimama. Kunyoosha viungo. Kusafisha mdomo kwa pamba. Na daktari akaweka sheria moja, hakuna kuongea juu ya kitanda chake kama vile hayupo. Ukimgusa unamwambia unamgusa kwa nini.

Siku ya tano ya diazepamu ikatokea kinyume. Aliamka kwa kishindo, akaruka kitandani, akawa anazunguka wodi nzima akirudia neno la mwisho la kila anayemwongelesha, ukisema "kaa chini" anasema "chini chini chini", hakuna anachokimbilia wala anachokimbia. Mkono wangu ulishafika kwenye kabati la haloperido. Kweli kabisa, mwili ulishajiendea wenyewe, kabla sijakumbuka lile neno kwenye chati. Hiyo pia ni katatonia, ile ya msisimko, upande wa pili wa sarafu ile ile, na dawa yake ni diazepamu ile ile.

Damu ilirudi kipimo cha misuli kuvunjika kiko juu, na joto likafika 38.6. Daktari akapiga simu hospitali kubwa, akaandika rufaa ya tiba ya umeme.

Hapa mama alitaka kumchukua mtoto aondoke. "Mwanangu mnakwenda kumpiga shoti?" Na simlaumu, picha watu waliyonayo ni ya mtu kashikwa na wanaume wanne anarushwa rushwa, na kweli zamani ilikuwa hivyo. Sikuhizi analazwa kwa dawa ya usingizi, anapewa ya kulegeza misuli, umeme wenyewe ni sekunde chache, kinachotibu ni ule mtikisiko wa kifafa ndani ya ubongo, nje unaona kidole cha mguu kinacheza tu. Mara mbili au tatu kwa wiki, mara nyingi jumla 6 hadi 12. Kumbukumbu inavurugika kwa muda, wengine wanasahau vitu vya wiki zile, hilo tulimwambia mama ukweli. Na kwa katatonia ndo tiba yenye nguvu kuliko zote tulizonazo, hata pale benzodiazepini, yaani kundi la diazepamu na lorazepamu, imegoma. Tena tiba yote hii ya kifafa cha kutengeneza ilianzia kwa mgonjwa wa katatonia, daktari Meduna kule Budapest, Januari 1934, alimchoma mtu aliyeganda miaka kadhaa sindano ya kafuri mpaka akapata degedege. Umeme ulikuja baadaye, Roma, 1938. Kafuri bana!

Mama akasaini. Alidungwa, sorry, alipigwa, sijui kitenzi chake sahihi ni kipi, alipata vipindi vinane. Baada ya cha tatu alikula wali mwenyewe kwa mkono.

Kuna jambo moja la kihistoria linalonikera kidogo. Daktari wa Kijerumani, Kahlbaum, aliielezea katatonia mwaka 1874 kama ugonjwa wenye sura yake, halafu akaja mwenzake Kraepelin akaichukua akaiweka ndani ya kile ambacho baadaye kikaitwa skizofrenia, na kwa karibu miaka mia moja tukafundishwa hivyo, katatonia ni aina ya skizofrenia. Matokeo yake mtu mwenye sonona kali akiganda, au mama aliyejifungua juzi akiganda, au mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ambao kwa kweli ndo wengi, anapewa jina la skizofrenia na dawa zake. Orodha mpya ya magonjwa ya WHO, ile ya 11, iliyoanza kutumika 2022, imeipa katatonia sehemu yake peke yake. Imechukua karne na nusu.

Aliporudishwa kwetu hakuanzishiwa haloperido tena, alipewa olanzapini, dawa nyingine ya saikosisi, kwa dozi ndogo, juu ya diazepamu ambayo haikukatwa. Hiyo diazepamu ilishushwa kwa wiki nyingi, maana ukiikata ghafla mtu anaweza kuganda tena. Na sauti zilikuwa bado zipo, hilo lazima niseme, katatonia iliondoka saikosisi ikabaki kidogo, tukaanza kuitibu taratibu kama inavyotakiwa. Kwenye jalada la faili lake kuna karatasi nyekundu imegundishwa, ALIWAHI KUGANDA, TAHADHARI NA SINDANO YA MWEZI, kwa sababu sindano ya mwezi, ile ya dawa ya saikosisi inayokaa mwilini wiki nyingi, ukishaichoma huwezi kuitoa.

Alikuja kliniki baada ya miezi mitatu, kanenepa, karudi kwenye mageti yake, ana kovu jipya la cheche mkononi. Nilimuuliza kama anakumbuka zile siku. Akasema za mwishoni, zile za umeme, hakumbuki vizuri, ila zile siku za mwanzo alikuwa anatuona na kutusikia wote. Akasema alijua kabisa kwamba akisogeza hata kidole dari lingeanguka na kutuua sisi sote mle ndani, na ile feni ndo ilikuwa inalishikilia, kwa hiyo hakuthubutu kuiachia macho. Shingo ilikuwa inauma sana, akasema, lakini angefanyaje.

Nikawa natafuta cha kumjibu, sikupata. Akasimama, akachukua dawa zake dirishani, akafika mlangoni akageuka.

"Eti sista, yule kijumbe alirudisha hela?"